Hesabu ya Mwisho

Baba Obadia aliitaja siku baada ya uji, si kwa kelele:
Jumatano, wiki ya tatu ya Julai, kabla ya jogoo wa pili.
Aliisema kama mtu anayesema
pareto imekauka, ianueni.

Kisha akanigeukia mimi, mweka hazina wa kambi,
mwenye ufunguo wa sanduku la bati na daftari la mistari:
"Zilipa, hatupandi juu na deni la mtu.
Lipa."

Tukauza kondoo kumi na wanne kwa mnunuzi wa Makambako.
Alijua tuna haraka, akatupa bei ya wenye haraka.
Tukauza mabati ya zizi.
Tukauza mbegu ya viazi, magunia thelathini na moja,
macho yake yameshaanza kuchipua;
nilipofunga midomo ya magunia kwa katani
niliangalia pembeni.

Siku sita nilipanda na kushuka milima ya Makete,
fedha ya watu mia na wanne imefungwa kwenye pindo la kanga, ndani ya koti.
Mwalimu Tweve: elfu nane, mitihani ya watoto tuliowaachisha.
Alizipokea, akauliza,
"Kugawanya wamekwisha kujua?"
Mwenye mashine: madebe kumi na moja ya kusaga.
Fundi wa harmonia, marehemu, nikamlipa mjane.
Mama Luvanda wa kilabuni: ulanzi wa masika mawili
aliounywa Baba Obadia kabla hajaitwa.
Mama Luvanda alicheka hadi akakaa chini.
"Basi kweli dunia inaisha," alisema,
"mlevi amelipa."

La mwisho halikuwemo daftarini.
Ng'ambo ya Lumakali anakaa dada yangu Tulizo.
Mama alipokufa, kambi ilikataza matanga,
nami sikwenda,
sikutoa hata msumari wa jeneza.
Nikaziweka noti mezani, fungu langu na zaidi.
Hakuzihesabu. Alinimenyea kiazi cha moto,
akanipulizia, kama ninavyokumbuka akifanya nikiwa mdogo.
"Na Alhamisi kukikucha?"
"Hakutakucha."
"Kula basi."

Usiku ule tulisimama mteremkoni bila viatu,
mashuka meupe juu ya masweta.
Baridi ya Julai huku haikuombi ruhusa.
Watoto walisinzia wameegemea magoti yetu.
Mzee Ndelwa alikohoa, akajizuia,
akakohoa tena.
Jogoo wa kwanza.
Kimya, hata harmonia haikuguswa.
Jogoo wa pili,
na nikakumbuka kwa aibu kwamba yule
nilisahau kumuuza.

Kukakucha.
Nyasi zote nyeupe, zimeganda hadi chini bondeni,
na mtoto wa Atukuzwe akainama, akalamba,
akapiga kelele, "Mana! Mama, mana!"
Wenzake wakapiga magoti, wakalamba barafu
mpaka midomo ikawauma.
Hakuna mkubwa aliyewakataza.
Nilimtafuta Baba Obadia kwa macho.
Alikuwa anatazama miguu yake
kama mtu anayeshangaa kwamba bado anayo.

Saa tatu mtu aliuliza tutakula nini.
Wote wakaniangalia. Nikafungua sanduku
ili waone wenyewe bati.

Sasa Obadia yuko chumba cha juu, anapiga hesabu upya;
anasema tulikosea pale penye wafalme.
Wengine wamerudi kwao usiku, na mashuka yao.
Mimi nimevuka Lumakali na daftari kwapani.
Tulizo alikuwa ameshatoa gunia la mbegu nje, limekaa ukutani.
Nikaandika, ukurasa mpya, mkono ukitetemeka kwa baridi:
*Viazi, gunia moja. Tulizo.*
Akasoma juu ya bega langu.
"Usinilipe upesi," alisema.
"Ukija na fedha mapema
nitajua wamekupangia siku nyingine."